Jumatano Naujua, Jumapili Umenitoka: Nifanyeje Ili Mstari wa Biblia Ukae?

SWALI: Mwalimu, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 46, naishi Kondele hapa Kisumu na nauza mitumba soko la Kibuye. Katika ushirika wetu wa Jumatano tunapewa mstari mmoja wa kukariri kila wiki. Siku hiyo nausema vizuri bila kuangalia. Ikifika Jumapili nusu imenitoka, na mwezi ukiisha sikumbuki hata unapatikana kitabu gani. Tangu mwaka uanze tumepewa 20, na iliyobaki ni mitatu tu. Biblia ya kanisani ni Union, ya kwenye simu ni Habari Njema, na nyumbani mume wangu husoma ya Kijaluo. Je, ni kichwa kimezeeka, au ni yule mwovu anayenyakua neno kama kwenye mfano wa mpanzi? Nifanye nini ili neno likae?

JIBU: Amina, mama. Nianze na kichwa chako, maana hofu hiyo ikibaki itakukatisha tamaa kabla hujaanza. Sema Baba Yetu sasa hivi, kwa sauti, toka mwanzo hadi amina. Umeweza, na huenda hukusita hata mara moja. Hiyo ni Mathayo 6:9-13, mistari mitano mfululizo. Ongeza nyimbo unazoimba beti zote bila kufungua kitabu, na wateja wote unaowadai pamoja na kiasi cha kila mmoja. Kichwa kinachobeba hayo hakiwezi kushindwa na mstari mmoja. Ni kweli kwamba umri hufanya jambo jipya lichelewe kidogo kuingia, na usingizi mfupi wa mtu anayewahi sokoni alfajiri huongeza ugumu. Lakini hayo hupunguza mwendo tu. Ukianza kusahau njia ya nyumbani, au jambo uliloambiwa dakika tano zilizopita likawa halipo kabisa, hilo ni suala la daktari. Mstari uliopotea baada ya wiki nzima si suala la daktari.

Sasa jiulize Baba Yetu iliingiaje. Hukuikariri jioni moja. Uliisema, ukaisema tena baada ya siku chache, ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Uliisema nzima, si kipande. Na uliisema ukiomba, mbele za Mungu. Mambo hayo matatu ndiyo yanayokosekana kwenye mistari yenu 20, na karibu yote nitakayokueleza ni namna ya kuyarudisha.

Kuhusu yule mwovu, usilipuuze swali hilo, ila soma tena Bwana mwenyewe alivyofafanua. Mathayo 13:19 inasema neno hunyakuliwa kwa mtu "alisikiapo neno la ufalme asielewe nalo". Kisha mstari wa 23 unasema aliyepandwa penye udongo mzuri ni yule alisikiaye lile neno "na kuelewa nalo". Tofauti ya hao wawili iko hapo hapo kwenye kuelewa. Mstari uliokaririwa kama nambari ya simu, mtu asijue nani anasema, anamwambia nani na kwa sababu gani, umeachwa wazi tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo ombea ulinzi, na pia elewa unachokariri. Kuelewa ni sehemu ya ulinzi wenyewe.

Tuangalie basi kinachotokea Jumatano. Kiongozi anausoma mstari, mnausema pamoja mara tano au sita, kisha kila mmoja anausema peke yake na kikundi kinaitikia amina. Unarudi nyumbani ukiamini unaujua. Lakini mnaposema pamoja, sauti ya jirani inakupa neno linalofuata nusu sekunde kabla hujalihitaji, na zamu yako inapofika, mstari umetoka kusemwa sasa hivi na watu wengine. Hapo unarudisha sauti iliyo bado masikioni. Kukumbuka hakujaanza.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Baadhi waliyasoma tena, wengine wakayafunika na kujaribu kuyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele: asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tena walibaki na asilimia 42, na waliojaribu kukumbuka walikuwa na 56. Ndivyo unavyokuwa wewe Jumatano na Jumapili. Kusoma mara nyingi hukupa raha ya kujua leo. Kufunika kitabu na kuhangaika kidogo ndiko kunakokaza neno. Ule mhangaiko wa sekunde kumi unaoukimbia, ukaharakisha kuchungulia Biblia, ndio kazi yenyewe.

Kuna kipimo kingine cha zamani zaidi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Alipima kiasi cha kazi alichookoa alipojifunza upya kitu alichowahi kukijua. Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58 hivi, baada ya siku moja karibu theluthi, na baada ya mwezi karibu moja ya tano. Maneno yenye maana, tena unayoyapenda, hayapotei kwa kasi hiyo, lakini umbo la upotevu ni lile lile: mteremko mkali saa za kwanza, kisha unatulia. Ndiyo maana kurudia mapema, ndani ya siku ya kwanza, kunafaa sana. Liko pia la kukutia moyo: hata baada ya mwezi kitu kilikuwa kimebaki. Mistari yako 17 iliyopotea haikupotea yote. Ukiirudia itaingia haraka kuliko mara ya kwanza.

Kabla ya hatua zenyewe, amua mambo mawili.

La kwanza ni tafsiri. Biblia ya Union, iliyotoka nzima mwaka 1952, ina maneno yake, na Habari Njema ina yake. Mahali Union inapoandika BWANA kwa herufi kubwa, Habari Njema husema Mwenyezi-Mungu. Ukisoma mstari kanisani kwa moja na kwenye simu kwa nyingine, unajenga mistari miwili inayopigana, na siku ya kuutafuta zinakuja nusu mbili zisizoungana. Chagua moja ya kukariri, nyingine zote ziwe za kukusaidia kuelewa. Kwa kuwa kikundi chako kinasema kwa Union, kariri kwa Union, tena kariri ukiangalia ukurasa ule ule wa Biblia ile ile, kwa maana macho nayo hukumbuka kwamba mstari ulikuwa juu kushoto. Unapokutana na Kiswahili kizito, kama "nijapopita" katika Zaburi 23, fungua Habari Njema, elewa, kisha urudi. Kama maombi yako ya ndani kabisa, yale ya usiku mtoto akiwa na homa, huja kwa Kijaluo, basi baadaye chukua Muma Maler, ile Biblia ya Kijaluo ya mumeo, na ukariri zaburi moja humo pia. Isiwe tu mstari ule ule unaoujifunza kwa Union wiki hiyo hiyo.

La pili ni fungu badala ya mistari iliyotawanyika. Hapa nitakawia kidogo, kwa kuwa kuchukua mstari mmoja kutoka Yeremia, mwingine Yohana, mwingine Mithali ndilo kosa kubwa zaidi katika vikundi vyetu, kuanzia Nakuru hadi Busia. Mstari ulio peke yake hauna wa kuuita. Mistari iliyoandikwa pamoja huitana. Chukua Wafilipi 4:4-9, mistari sita. Wengi wanaujua wa sita, "Msijisumbue kwa neno lo lote", na wanaupokea kama karipio: acha wasiwasi. Sasa soma mwisho wa mstari wa tano unaoutangulia: "Bwana yu karibu." Sababu ya kutojisumbua ilikuwa pale mlangoni. Anayekariri wa sita peke yake amebeba amri na kuacha sababu yake nyuma. Endelea. Mstari wa saba unaahidi "amani ya Mungu", na wa tisa unamaliza kwa "Mungu wa amani". Ukikariri fungu zima unaiona safari hiyo: kwanza anakupa amani yake, mwishoni yeye mwenyewe yuko pamoja nawe. Paulo aliandika hayo akiwa kifungoni, kama anavyosema katika sura ya kwanza ya waraka huo.

Kwa hiyo kama una sauti katika ushirika wenu, pendekeza mchukue Wafilipi 4 yote. Ina mistari 23. Mkienda mstari mmoja kwa wiki, na kila wiki ya nne msipokee mpya bali mrudie ya nyuma, mtaimaliza kwa wiki 30. Kwa mwendo huo huo mwaka mzima hubeba mistari 39, ambayo ndiyo hesabu ya Warumi 8 kutoka mwanzo hadi mwisho. Msione ni kidogo. Mtu mwenye Warumi 8 moyoni ana cha kushika kwenye matanga, hospitalini, na siku ambayo dhamiri yake inamshtaki.

Sasa kazi yenyewe, kwa mfano wa Wafilipi 4:6. Siku ya kwanza tenga dakika 12. Soma fungu zima kwa sauti mara tatu, polepole. Kisha ukate mstari mahali pumzi inapokatika:

Msijisumbue kwa neno lo lote; /
bali katika kila neno /
kwa kusali na kuomba, /
pamoja na kushukuru, /
haja zenu na zijulikane na Mungu.

Vipande vitano. Sema cha kwanza, funika, kiseme bila kuangalia. Ongeza cha pili, funika, sema viwili. Endelea hivyo hadi vitano. Ukikwama, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuchungulia. Ukichungulia, usiangalie neno moja tu ukaendelea: rudi mwanzo wa kipande hicho ukiseme chote.

Utagundua kwamba hukwami katikati ya kipande. Unakwama kwenye kiungo, pale "kuomba" inapotakiwa kuita "pamoja". Kwa hiyo kifanyie mazoezi kiungo chenyewe: sema maneno mawili ya mwisho ya kipande hiki na mawili ya kwanza ya kinachofuata, "na kuomba, pamoja na", mara nne au tano. Kwa mistari mirefu anza pia kutoka nyuma: kipande cha mwisho kwanza, kisha viwili vya mwisho, hadi ufike mbele. Watu wengi wanajua vizuri mwanzo wa mistari na kuyumba mwishoni, kwa sababu kila wakikosea hurudi mwanzo, na mwanzo unapata mazoezi mara tatu ya mwisho.

Taja mahali unapopatikana kabla na baada, kila mara, hata ukiwa peke yako: "Wafilipi nne, sita", kisha mstari, kisha "Wafilipi nne, sita". Usipofanya hivyo utaishia na maneno yasiyo na anwani, hasa kwenye Zaburi. Zaburi 107, 118 na 136 zote zinaanza kwa kuwaita watu wamshukuru BWANA kwa kuwa ni mwema na fadhili zake ni za milele. Za 103 na 104 zote zinaanza "Ee nafsi yangu, umhimidi BWANA". Mistari inayofanana hivyo usiijifunze katika mwezi mmoja. Acha wa kwanza ukae miezi miwili au mitatu, ndipo umlete ndugu yake.

Halafu andika. Kata karatasi ya manila vipande vya sentimita 8 kwa 12 hivi. Upande mmoja andika mahali tu: Wafilipi 4:6. Nyuma andika mstari kwa mkono wako, ukivunja mistari pale pale ulipokata vipande. Kwenye kona weka dondoo za kukuamsha. Wengine hufundisha kuandika herufi ya kwanza ya kila neno, lakini kwa Kiswahili njia hiyo inakwamisha, kwa kuwa maneno mengi huanza na k, w, n na m. Mstari huu ungekuwa na "k k n k" katikati, ambazo hazikwambii kitu. Andika silabi ya mwanzo, na kwa kitenzi kirefu hata mbili: Msiji kwa ne lo lo, ba ka ki ne, kwa ku na ku, pa na ku, ha ze na zi na Mu. Hilo linatosha kukusukuma bila kukubeba.

Saa moja baada ya hapo, useme. Kabla ya kulala, useme tena, na uende kulala bila kufungua simu baada yake, kwa sababu usingizi husaidia kukaza kilichosomwa. Asubuhi, kabla ya kugusa kadi, jaribu kuusema. Asubuhi hiyo utakosea. Kosa hilo ndilo linalokuonyesha palipo dhaifu. Weka alama ya penseli chini ya neno lililokuponyoka.

Baada ya siku ya kwanza, kanuni ni saba, saba, kisha kila mwezi: useme kila siku kwa siku saba, kisha mara moja kwa wiki kwa wiki saba, kisha mara moja kwa mwezi bila kikomo. Tafuta kikopo au boksi dogo la viatu, ulitenge sehemu tatu kwa vipande vya katoni. Kadi za wiki zipe kila moja siku yake, za mwezi zipe kila moja tarehe yake. Unaweza kuogopa kwamba mzigo utazidi. Piga hesabu kwa mwendo ule wa mistari 39 kwa mwaka: mwaka ukiisha una kadi moja ya kila siku, zipatazo saba za wiki ambazo ni moja kwa siku, na kama 31 za mwezi ambazo nazo ni moja kwa siku. Kadi tatu, basi. Dakika tano. Anayelemewa ni yule aliyekimbia mistari mitano kwa wiki Januari.

Kadi ukikosea neno la maana katika zamu yake ya wiki au ya mwezi, irudi kwenye kila siku kwa siku saba. Usiionee huruma. Kosa ukiliacha katika mwezi wa kwanza litakaa humo miaka. Katika Zaburi 23 Union inasema "Katika malisho ya majani mabichi hunilaza", kitenzi kikiwa mwisho, na wengi hukipeleka mwanzo kama tunavyozungumza kila siku. Kisha mstari wa pili unaisha kwa "huniongoza", wa tatu una "kuniongoza", na hapo watu huruka wakapoteza kuhuishwa kwa nafsi nzima. Dawa ni kufuata maana: kondoo analazwa, ananyweshwa, anahuishwa, ndipo anaongozwa njiani. Na angalia kwamba bondeni, katika mstari wa nne, Daudi anaacha kusema habari za mchungaji na kuanza kusema naye: "Kwa maana Wewe upo pamoja nami". Ukiliona hilo, hutachanganya tena mpangilio wa zaburi hiyo.

Orodha nazo zina namna yake. Wafilipi 4:8 ina mambo sita: ya kweli, ya staha, ya haki, safi, yenye kupendeza, yenye sifa njema. Yahesabu kwa vidole, kila moja na kidole chake kile kile siku zote, la sita kwenye gumba la mkono wa pili. Jambo moja likitoweka, kidole kitakukumbusha kwamba kuna pengo.

Kuhusu muda wa kurudia, najua huna wa ziada, na huuhitaji. Funga kila zamu kwenye jambo unalofanya tayari: chai ya asubuhi inapochemka, unapotembea kutoka Kondele kwenda Kibuye, dakika chache baada ya kutandaza nguo kabla wateja hawajaanza kuja. Barabarani usisome kadi, boda hazitakusubiri. Sema tu kwa kumbukumbu, utakachokosa utakiangalia ukifika. Kadi ya wiki itie kwenye kijaluba cha plastiki, maana mvua ya Kisumu haipigi hodi. Ukisafiri kwenda Nakuru, matatu inayopita Ahero na Kericho inakupa saa kadhaa. Tumia dakika kumi tu mwanzoni na kumi karibu na kufika. Kurudia mfululizo safari nzima hakufikii faida ya kurudia kwa kuachanisha.

Simu nayo inaweza kusaidia. Jirekodi ukisoma fungu kwa vipande, na baada ya kila kipande nyamaza kwa sekunde tano, muda wa kukisema wewe mwenyewe. Usirekodi bila mapengo, ukisikiliza tu utarudi kule kule kwa Jumatano. Njia hii ni nzuri kwa kina mama wa ushirika wasiosoma vizuri. Msiwaache nyuma kwa kudhani kukariri ni kwa wenye kusoma. Mtu aliyezoea kushika mambo kwa sikio mara nyingi hushika fungu refu kuliko sisi wa karatasi, mradi asomewe kwa vipande na maneno yasibadilike.

Neno lililoingia kinywani bado halijakaa, kwa hiyo usiruke kutafakari. Siku ya tatu hivi, mstari ukishasemeka, uombe kipande kwa kipande. "Haja zenu na zijulikane na Mungu": taja haja yenyewe, karo ya muhula huu, mzigo wa nguo uliofunguliwa ukawa mbovu. "Pamoja na kushukuru": simama hapo mpaka upate jambo la kweli la kushukuru, kabla ya kuendelea. Siku nyingine uliza mstari unasema nini kuhusu Mungu, unaahidi nini, unaagiza nini, unaonya nini. Si kila mstari una yote manne. Dakika tatu zinatosha. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wenye mistari mia moja ambao haijawahi kuwa maombi hata mara moja, na shida ikija hawaikumbuki, kwa kuwa haikuwahi kuunganishwa na shida yoyote.

Na kaa macho na mistari inayopendwa. Shetani naye alikariri. Katika Mathayo 4:6 alimnukulia Bwana Zaburi 91, na maneno "wakulinde katika njia zako zote" hayamo katika alichokisema. Bwana alimjibu mara tatu kutoka Kumbukumbu la Torati sura ya 6 na ya 8, maneno ambayo Israeli walipewa kuhusu majaribu ya jangwani, naye alikuwa jangwani. Alijua mstari na alijua unapokaa. "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" ni Wafilipi 4:13, na mstari wa 12 unasema mambo hayo ni yapi: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Mama aliyeuza shilingi mia mbili tu siku nzima anauhitaji mstari huo kuliko mgombea anayeubandika kwenye bango. Yeremia 29:11 imo katika barua kwa watu waliohamishwa Babeli, na mstari wa 10 umetoka kuwaambia watangoja miaka sabini. Ahadi hiyo haipungui kwa kujua hayo. Inakufaa zaidi siku ambayo jibu limechelewa.

Kwa watoto, tumia fungu lile lile ulilo nalo wewe, wala usitafute la kwao. Kumbukumbu la Torati 6:6-7 inaanza na maneno kuwa katika moyo wa mzazi, ndipo kuwafundisha watoto aketipo nyumbani na atembeapo njiani. Mdogo achukue vipande viwili, mkubwa mstari mzima. Wimbo husaidia sana, ila hakikisheni hakuna neno lililokatwa ili lienee kwenye mdundo. Zawadi ndogo si mbaya. Aibu ni mbaya: mtoto anayechekwa kwa kusahau mbele ya wageni atalichukia neno pamoja na aliyemcheka.

Jumatano ijayo, ombeni kiongozi abadilishe mambo mawili: mkae wawili wawili, mmoja ameshika Biblia na mwingine anasema, wala mwenye Biblia asimpe mwenzake neno mpaka huyo aombe msaada, na mnaposema ya wiki iliyopita, iwe kabla ya kusikia mpya. Wiki hiyo wewe anza na Wafilipi 4:4, mfupi kabisa, ili upate nafasi ya kutengeneza boksi.

Mistari mitatu unayoikumbuka iandikie kadi leo na uiweke sehemu ya wiki. Ile 17 iandike kwenye daftari kwa orodha, na kila wiki ya nne, ile isiyo na mstari mpya, rudisha mmoja kwa njia hii hii. Anza na ule uliokugusa zaidi siku mlipopewa. Ukikuta mmoja ambao huuelewi hata baada ya kusoma sura yake yote, mpelekee mchungaji wako au kiongozi wa ushirika aufafanue kabla hujauandikia kadi.